Taulo Juu ya Kamba

Mwalimu Nanjala ameniomba nizungumze nanyi.
Mimi si msemaji. Ni fundi wa simu,
Luthuli, orofa ya pili,
na vidole vyangu vinanuka gundi hata Jumapili.

Simu huletwa kwangu zikiwa zimekufa.
Nikizifungua nakuta watu mle ndani:
risiti za karo, sauti ya mama akiomba,
mtoto mwenye surua,
na picha nyingine ambazo zikitokea
nageuza kioo kiangalie meza.
Hiyo ndiyo nusu ya ufundi. Haina cheti.

Alikuja Alhamisi moja, mvua za Aprili,
binti wa miaka ishirini na moja, anasomea uuguzi.
Jina lake nalijua. Hamtalisikia kwangu.
Akaweka kauntani simu nzima kabisa,
akasema, "Ifute."
"Nifute nini?"
"Kila mahali."

Nina bisibisi kumi na tatu.
Hakuna hata moja ya kufungua kila mahali.

Alikuwa amemtumia mtu mmoja. Mmoja,
aliyeapa kwa kaburi la babake.
Wakakosana kwa jambo dogo, nauli nadhani,
naye akaitupia timu yake ya mpira pale Umoja,
timu ikawatupia binamu, binamu wakaitupa wasikojua,
hata ikatua kwenye chama cha mamake,
kati ya tangazo la matanga na ng'ombe wa kuuzwa.

Mtaa ukanena.
Mama mboga alimfungia sukuma bila kumtazama usoni.
Shangazi akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki,"
kana kwamba hiyo ni dawa.
Kweli, shangazi, hayazoleki.
Ila aliyeipiga ndoo teke
bado anavaa jezi namba tisa, na anashangiliwa.

Nyinyi mnakaa kwenye ploti, mnajua kamba za juu.
Mnajua nguo za ndani huanikwa wapi:
kamba ya nyuma, chini ya taulo.
Kila mtu anazo. Askofu anazo,
hata naibu wa mwalimu mkuu (chekeni tu).
Taulo lile ni mlango wa kitambaa.
Akipanda mtu akalifunua,
akaita majirani waje watazame,
mwizi ni nani? Mwenye nguo?

Na hili, ambalo Mwalimu hakuniomba:
picha ile ilinifikia wiki moja kabla yake.
Sikumtumia mtu. Lakini niliifungua.
Nikatazama, nikairudisha simu mfukoni,
nikamaliza chapati yangu na madondo.
Basi aliposimama pale, mwavuli ukidondoka maji,
nilimjua kabla hajafungua kinywa,
naye akaona kwamba namjua.
Sekunde nne zangu. Alizibeba na zile za wengine wote.

Nilifunga kibanda saa nane.
Tukahifadhi namba, majina, saa ya kila ujumbe.
Kituoni askari aliuliza kwanza,
"Na wewe ulijipiga ya nini?"
Nikamwambia, "Andika OB."
Akaniangalia. Akaandika.
Sheria ipo; husinzia mpaka ugonge meza.

Kesho au keshokutwa itawafikia ya mtu mwingine.
Itakuja na kicheko, na "usiambie mtu".
Kidole gumba ni chako peke yako wakati huo,
hakuna mwalimu, hakuna fundi.
Na ikiwa ni yako iliyosambaa,
usikae nayo gizani. Njoo. Niko orofa ya pili.

Mwezi jana alirudi, sare nyeupe, kioo kimevunjika kweli.
Akaandika nywila yake nyuma ya risiti,
akanisukumia, akashuka kununua maji.

Niliishika ile karatasi kwa muda.
Kisha nikageuza simu iangalie meza,
nikaanza kazi.